Kigoda cha Nyumba ya Mwisho

Mtaa wa Mapipa, Ifakara
9 Machi 2025

Shemeji Kelestini,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua. Restituta anakohoa kwa sababu ya unyevu, lakini shule anakwenda. Natumaini huko ng'ambo ya mto mpunga unakuacha ulale.

Umesema hutaki simu kwa sababu maneno ya simu mtu anaweza kuyakana kesho yake. Haya, nakuandikia. Nassib, konda wa basi la Malinyi, atafikisha barua kituoni, na wenye mitumbwi watajua wenyewe.

Jambo ni mtaro. Halmashauri imesema itainua barabara yetu na kujenga mtaro wa mawe kuanzia kona ya mashine ya kukoboa mpaka kijitoni, ila kila mwenye kiwanja achangie kipande kinachopita mbele ya nyumba yake, na wenye viwanja wakubaliane wenyewe kwanza. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya kijito. Tukikubali, mtaro utapita mbele yetu na kumwaga maji yake huko bondeni. Tukikataa, au tukikosa wa kutusemea, mtaro utaishia kwa jirani wa juu, na maji ya mtaa mzima yatamwagwa mlangoni kwangu. Mwenyekiti amelitamka hilo mbele za watu bila hata kukohoa.

Mkutano ni Jumapili ya tarehe sita Aprili, wakati nusu ya wenye nyumba wako mashambani kama wewe. Sijui nani aliichagua tarehe hiyo, lakini mjinga hakuwa.

Desturi ya mtaa wetu unaijua. Kila nyumba inakuja mkutanoni na kigoda chake. Mwenye kigoda anakaa mbele, anaulizwa, anajibu. Aliye shambani anatuma kigoda chake, na yeyote atakayekikalia ndiye anaisemea nyumba. Asiye na kigoda anasimama nyuma na wapangaji, na hakuna anayemuuliza kitu. Afisa mtendaji, yule kijana mpya, alijaribu kusema sheria haijui vigoda. Mwenyekiti akamjibu kwamba mtaa unavijua.

Kigoda cha nyumba hii unacho wewe. Ulikichukua siku ya kumaliza matanga ya mdogo wako Evarist, na sikusema neno kwa sababu siku ile sikuwa na neno. Tangu hapo nasimama nyuma, kwenye mtaa nilikoolewa, nilikozalia na nilikofiwa. Naomba ukitume kabla ya mkutano.

Ni mimi shemeji yako,
Marsiana


Ng'ambo ya Malinyi
17 Machi 2025

Kwa Shemeji Marsiana,

YAH: OMBI LA KIGODA

Marahaba. Barua yako nimeipokea ikiwa imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mpunga umesimama vizuri. Nguruwe pori wananisumbua.

Nimeisoma barua mara kadhaa, na kila ninapoisoma nauliza swali lilelile: mtu anayetaka mtaro, kwa nini anaomba kigoda? Ungeniuliza mimi kwanza kama naukubali huo mtaro. Hukuuliza. Umeomba kiti.

Mimi siukubali. Nilipokuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa niliona jinsi mambo haya yanavyokwenda. Barabara ya vumbi ina wenyewe. Ikishawekwa mawe na mitaro, wanaanza kuja watu wenye magari kuuliza bei, na baada ya miaka michache ukipita hapo humjui mtu hata mmoja. Aliyeshindwa kumaliza mchango ndiye huuza wa kwanza. Mtaro si wa maji tu, shemeji. Unapitisha na watu.

Halafu kuna jambo la pili. Nassib ananiambia kwamba Elineema, yule mwenye duka la saruji, siku hizi anakaa kwenye baraza lako kila mchana. Nassib anasema pia kwamba huyo huyo Elineema ndiye mhazini wa kamati ya mtaro. Muuza saruji ni mhazini wa mtaro wa mawe na saruji, na mchana anakula kwa mjane anayetaka kigoda. Sisemi neno. Nayaweka tu mambo haya matatu karibu karibu uyatazame.

Kigoda kile alikichonga baba. Mimi ni mkubwa. Kipo hapa juu ya dungu, nakikalia nikiamia ndege wasile mpunga, na hakina shida yoyote.

Wako katika ukoo,
Kelestini


Mtaa wa Mapipa
23 Machi 2025

Shemeji,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili usije ukaandika "YAH: UKOSEFU WA ADABU".

Elineema anakula kwangu kwa sababu mimi ni mama ntilie na yeye ana njaa. Wanakula pia waendesha bodaboda, walimu wawili, na katekista. Hao Nassib hakuwaona. Kumbe namlipa nauli abebe barua, na maneno ya juu anakubebea bure.

Sasa nami nina mambo yangu ya kuweka karibu karibu.

Alhamisi alikuja mtu mrefu mwenye kofia pana na fimbo, Msukuma, akasema anaitwa Masanja na kwamba mashamba yenu yanapakana huko Malinyi. Ameniletea kambale wa kukaushwa kutoka kwako. Nikashukuru, nikampa chai. Nilipotoka kuja kumwongezea, kiti kitupu. Nikamkuta nyuma ya nyumba anatembea kando ya ukuta, anapiga hatua moja moja, mdomo unacheza kama anayehesabu. Akainama akakwaruza msingi kwa fimbo. Akaingiza kichwa dirishani kwa Restituta, akatazama kitanda. Nilipomuuliza anatafuta nini akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Aah, mayu, naangalia tu. Nyumba nzuri hii." Akanywa chai yake akiwa amesimama, akaondoka.

Shemeji, mtu haangalii tu msingi wa nyumba ya wenyewe.

Nikakumbuka mwaka jana ulivyojisifu kwamba siku hizi hushiki jembe, unalimiwa kwa plau na maksai wa jirani. Hujawahi kusema unamlipa nini. Ng'ombe wa Masanja wanalima shamba lako, Masanja anapima nyumba yangu, na wewe unataka mtaro uishie mlangoni ili nichoke na maji, nifungashe, nirudi kwetu Namawala. Mimi pia sisemi neno.

Usiku wa kuamkia jana maji yaliingia tena. Nilimhamishia Restituta mezani. Nitumie kigoda.

Marsiana


Ng'ambo ya Malinyi
1 Aprili 2025

Kwa Shemeji Marsiana,

YAH: TUHUMA

Masanja ni mtu mzima na ana miguu yake. Akipita Ifakara akaangalia nyumba, macho ni yake. Malipo ya plau ni makubaliano kati ya wanaume wawili wenye mashamba, na sioni yanaingiaje kwenye chungu chako.

Kuhusu maji kuingia, nyumba ile nilishiriki kuijenga. Msingi wake najua ulivyo. Wanawake mkitaka jambo, maji yanapanda haraka sana kwenye maneno yenu.

Nasema kwa maandishi ili baadaye asiwepo wa kukana: kigoda hakitoki hapa. Nyumba isipokuwa na mtu mkutanoni haiwezi kukubali, na ya mwisho isipokubali mtaro hauna pa kumwaga, kwa hiyo mpango wote utakwama. Hilo ndilo nataka. Wewe kaa nyumbani kwako Jumapili hiyo, upike.

Mpunga umeanza kutoa masuke. Msalimie Restituta, mwambie baba yake mkubwa anamwekea asali.

Kelestini


Mtaa wa Mapipa
7 Aprili 2025

Bwana Kelestini,

Leo hakuna shikamoo.

Mkutano umefanyika jana. Sikukaa nyumbani. Nilikwenda nikasimama nyuma na wapangaji, kwa sababu mahali pa kusimama hakuna anayeninyima. Nilitaka angalau nione kwa macho wanavyoniletea maji.

Vigoda vilikuwa vimepangwa mbele kama kawaida. Mwenyekiti akaanza nyumba moja baada ya nyingine, kuanzia kona ya mashine. Walipokaribia bondeni nikamwona Masanja anapenya katikati ya watu. Kofia ile ile, fimbo ile ile. Na kwapani ana kigoda chetu. Nilikijua kwa mguu ulioungua, ule aliouunguza Evarist alipokiweka karibu na moto akasinzia. Miaka kumi na mitatu nimekifuta vumbi kile kigoda. Ningekijua gizani.

Akaangaza angaza huku na huku. Kisha akakiweka chini, mbele, kwenye mstari wa wenye nyumba, akakaa.

Mtu mmoja karibu yangu akasema, "Ehe, nyumba ya marehemu imeuzwa." Hakujua ninasikia. Au alijua.

Mwenyekiti akamgeukia akamuuliza, "Nyumba ya mwisho, ya marehemu Evarist. Mtaro uishie kwa jirani yenu, au mnachangia upite mpaka kijitoni?" Masanja akavua kofia. Akasema kwa heshima zote, "Wazee wangu, fanyeni tu mnavyoona ninyi." Watu wakapiga makofi kwa kuwa amewarahisishia kazi. Mwenyekiti akasema basi, uishie kwa jirani, wakasonga mbele. Wewe ulifikiri tukinyamaza mpango utakwama. Haukukwama hata dakika moja. Maji wameshayapatia pa kwenda, ni kwangu.

Na mimi? Ningesema kwa kiti gani?

Baadaye akaja hadi mlangoni na kigoda mkononi, anataka kuzungumza. Nilikichukua kigoda, nikafunga mlango. Alibisha, akaita "mayu, mayu," akachoka.

Sasa sikiliza vizuri, wewe upendaye maandishi. Uliniandikia kigoda hakitoki huko. Siku tano baadaye kimetoka, kimemkalisha mwanamume ambaye nimempa chai mara moja. Kama umeuza, umeuza nyumba ya mtoto wa mdogo wako. Kama ulimwahidi, umeahidi kisicho chako. Na kama mlipanga maji yanifukuze ili aipate kwa bei ya mahindi, basi nakuambia sihami. Nitapika nikiwa nimesimama ndani ya maji.

Kigoda chako usikitafute. Kuni zilikuwa zimelowa, na asubuhi watu walitaka chai. Nimekitia jikoni. Kiliwaka vizuri kuliko nilivyodhani, na nililia mpaka wateja wakafikiri ni moshi.

Marsiana


Ng'ambo ya Malinyi
14 Aprili 2025

Shemeji Marsiana,

Sina kichwa cha habari leo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwa sababu sina tena pa kukalia. Kwanza nilikasirika kwa ajili ya kigoda. Kile alikichonga baba akiwa ameshaanza kupoteza macho, kwa kupapasa, na ndiyo maana kilikuwa kinapinda kidogo upande wa kulia. Imeniuma sana. Nilishuka kwenye dungu nikatembea mpaka mtoni, ndege wakala walivyotaka.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba umekichoma kwa makusudi ili isibaki alama ya ukoo katika nyumba ile. Nilifika katikati nikaichana. Itabidi nikueleze, ingawa sipendi.

Nilimtuma Masanja kuangalia nyumba. Mimi. Nilimwambia apime maji yamepanda mpaka wapi ukutani, na asikuambie, kwa sababu sikukuamini. Nilidhani unayakuza maji ili upate kigoda, na kigoda ili upate nyumba. Aliporudi, siku mbili baada ya barua yangu ile ya kukukatalia, alikaa hapa chini ya dungu akaniambia alama ya tope imefika kwenye kitanda cha mtoto. Akaniambia msingi wa upande wa kijito unamomonyoka kama sukari. Akaniuliza, "Kelestini, kwa nini huyu mama anakaa peke yake humo na wewe upo?"

Jumamosi alikuwa anarudi tena Ifakara kumpeleka mkewe hospitali. Alikuwa tayari mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Nikakimbia, nikapanda dungu, nikakitoa kigoda, nikamkabidhi. Nikamwambia: mpelekee Marsiana, mwambie akae. Maneno hayo tu. Karatasi ilibaki juu ya dungu, kalamu ilibaki juu, na mwenye mtumbwi anapiga kelele. Mimi ninayedai kila kitu kiandikwe, siku moja ya maisha yangu sikuandika.

Sijauza. Plau nalipa kwa mabua. Nikishavuna, ng'ombe wake wanaingia shambani kula mabua. Sikukuambia kwa sababu majirani zangu hapa hawapendi kusikia ng'ombe wa Wasukuma wanakaribishwa, na nilijua Nassib angezipata habari.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Masanja mwenyewe. Alikataa nimwandikie. Amesema mimi naandika kama serikali.

Kelestini


Mayu Marsiana,

Nakusalimu sana. Mimi Masanja ndiye niliyekosea, shemeji yako asilaumiwe.

Nilifika kwako Jumapili nikaambiwa uko mkutanoni. Nikaja. Nilikutafuta kati ya waliokaa, kwa sababu nilijua wewe ni mwenye nyumba. Sikujua kama unasimama nyuma. Nilikuwa nimechoka, mama watoto nimemwacha amelazwa, usingizi sikuupata. Kigoda kiko mkononi, nikakaa. Kwetu kigoda ni kigoda tu, mtu akichoka anakikalia.

Yule mzee aliponiuliza nilidhani ananiuliza kama mgeni, kunipa heshima. Kwetu mgeni akiulizwa jambo la wenyeji anasema fanyeni mnavyoona. Ukisema vingine unaonekana umekuja kutawala. Waliponipigia makofi nilifurahi, nikadhani wamenipenda.

Ulipofunga mlango ndipo nikaelewa kuna kitu kimeharibika. Mimi sitaki nyumba yako. Nina nyumba. Nikija kwa matibabu nitapita kwa yule mzee nimwambie mbele ya watu kwamba neno lile halikuwa langu wala la nyumba.

Mke wangu anakusalimu. Anaendelea vizuri.

Masanja


Mtaa wa Mapipa
22 Aprili 2025

Shemeji Kelestini,

Shikamoo. Pasaka ilipita salama. Restituta aliimba.

Karatasi ya Masanja nimeisoma kwa jicho moja limefumba. Nikajiambia, watu wawili wakikaa shamba moja wanaweza kupatanisha hadithi. Kisha juzi akaja kweli. Alikwenda kwa Mwenyekiti wakati wazee wanacheza bao, akavua kofia ileile, akasema aliyoyasema. Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba mtaa mzima ulimsikia, na wengine walicheka, naye akaendelea tu. Mwanamume anayekubali kuchekwa mbele ya wazee kwa ajili ya mlango wa mtu mwingine hawezi kuwa anaunyemelea. Nilimwita ndani nikampa chakula. Nilimpa minofu ya kambale aliyemleta yeye mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa mgumu. Alisema kigoda kimeshajibu, na kigoda hakijibu mara mbili. Elineema ndiye aliyemgeuza, na Nassib akuletee hilo pia. Alisema mafundi hawajaanza kwa sababu ya mvua, mawe yangali kwenye kona, na kwamba kamati haitaki kujenga mtaro unaobomoa nyumba kisha walaumiwe wao. Mwenyekiti akafikiri, akasema: sawa, Jumapili tarehe ishirini na saba tutaiuliza nyumba ya mwisho tena. Waje na kigoda chao.

Unaona nilipofika. Kigoda ni majivu. Nimeomba cha jirani, akasema ataonekana ana nyumba mbili. Nimesema nitakaa juu ya kinu, wakasema kinu ni cha jikoni.

Shemeji, nilikosea kukichoma. Nilikuwa na uchungu na sikuwa na mtu wa kumpiga. Kile kigoda mume wangu alikikalia akinisubiri nimalize kupika, kwa hiyo usidhani kimekuuma wewe peke yako. Lakini na wewe ungenipa miaka miwili iliyopita, kingekuwepo.

Sijui Jumapili nitafanya nini. Labda nitasimama mbele, peke yangu, mpaka wachoke kunitazama.

Marsiana


Ng'ambo ya Malinyi
25 Aprili 2025

Shemeji Marsiana,

YAH: KIGODA

Nakutumia kigoda kwa mkono wa Masanja. Usishangae miguu iko juu. Nimekifunga kwa kamba hivyo hivyo, na nimempigia fundo ambalo hawezi kulifungua njiani, ili asije akachoka tena.

Mtumbwi wa baba uliooza ulikuwa bado umelala hapa kando ya mto, tumbo juu. Sehemu ya mbele ilikuwa ingali nzima. Nimeikata nikachonga usiku na mchana tangu nipate barua yako, na ndege wamekula sehemu yao. Si kizuri kama cha baba. Sina mkono wake. Lakini nimekifanya kifupi, kwa sababu wewe ni mfupi na kile cha zamani ukikikalia miguu yako ilikuwa inaning'inia. Nilikuwa naona hilo, ingawa sikuwahi kulisema. Mimi nimejaribu kukikalia, magoti yakafika kidevuni. Hakinifai, wala hakitamfaa mwanamume yeyote wa ukoo wetu.

Cha baba kilikuwa cha nyumba. Hiki ni chako. Naandika hivyo na kutia sahihi.

Sasa kuhusu mtaro, msimamo wangu haujabadilika. Tumeona maji, sawa, lakini maji yana dawa nyingine. Tunaweza kupandisha msingi na kuweka viroba vya mchanga. Barabara ile ikishakuwa nzuri hamtakaa hapo, wewe na mtoto. Ninawaogopea kweli. Ukifika mbele wakikuuliza, sema hapana, na useme mtaro wote usimame mpaka wenye nyumba watoke mashambani. Nakutegemea.

Na huyo Elineema. Mtu hakutetei hivi hivi tu. Mwangalie.

Shemeji yako,
Kelestini


Mtaa wa Mapipa
28 Aprili 2025

Shemeji yangu Kelestini,

Shikamoo sana.

Kigoda kimefika miguu juu kama ulivyokifunga. Ilibidi nitumie kisu. Masanja alisimama pembeni akitazama fundo lako, akasema, "Huyu mtu hajui kuamini," na tukacheka wote wawili mpaka Restituta akatoka kuuliza kuna nini.

Jana nilikibeba mwenyewe. Nilipita katikati ya wapangaji, na mwanamke mmoja ninayesimama naye siku zote akanishika mkono kidogo halafu akaniachia. Nikakiweka mbele, mwisho wa mstari, upande wa kijito. Nikakaa. Miguu yangu ilifika chini, yote miwili. Sikujua kwamba uliwahi kuiona ikining'inia.

Kulikuwa na mnong'ono. Mzee mmoja akauliza hiki ni kigoda cha nani, mbona hakijui. Nikasema ni changu, nimepewa na mkubwa wa nyumba, na sahihi yake ninayo kama mnataka kuiona. Hakuna aliyetaka.

Mwenyekiti akauliza swali lake lilelile. Nilikuwa nimeikunja barua yako kwenye kitenge, na nilikuwa naisikia ikinigusa kiunoni. Nilifikiria unayoyaogopa. Sikuona kwamba ni ya kijinga. Nimewaangalia wale waliokaa kwenye vigoda, nami pia nikajiuliza ni wangapi watakuwa bado wamekaa hapo baada ya miaka mitano. Pengine umeona mbali. Pengine siku moja nitakuandikia kukuambia ulikuwa sahihi, na utaiweka barua hiyo juu ya dungu uisome kila siku.

Lakini mtoto wangu analala mezani.

Nilisema ndiyo. Nilisema mtaro upite mbele ya nyumba yangu mpaka kijitoni, na kwa kuwa mkononi sina kitu, mchango wa nyumba ya mwisho utakuwa chakula cha mchana cha mafundi wote mpaka kazi iishe. Elineema akainuka akasema kamati inakubali, kwa kuwa chakula chenyewe wamekwisha kukionja. Ndiyo maana alikuwa anakaa barazani, shemeji. Walikuwa wanatafuta mpishi wa mafundi. Halafu nikasema na neno lako pia, kwamba mikutano ya michango isiitwe tena wakati watu wako mashambani. Mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Hilo limepita.

Najua utakasirika. Utachukua kalamu uandike YAH. Andika, nitajibu. Ila soma kwanza barua yako mwenyewe. Uliniandikia niseme hapana. Kwenye karatasi hiyohiyo uliniandikia kigoda ni changu. Yote mawili yasingewezekana, kwa hiyo nimechagua lile ulilotilia sahihi.

Mafundi wanaanza Jumatatu ijayo. Ukimaliza kuvuna, njoo ule nao.

Ni mimi,
Marsiana, mwenye nyumba